Mstari Mtupu Katikati ya Majina

Kitu kilikwaruza sebuleni, mara mbili, kisha kikanyamaza. Majogoo walikuwa hawajawika. Nilijiinua kitandani nikangoja, kama nilivyoingoja kila sauti kwa miaka tisa, nikidhani ni mkono wa mwanangu Blanchard unaosukuma mlango. Mlango wangu haufungwi kwa komeo. Naurudisha tu, na chini naweka jiwe ili upepo wa ziwa usiufungue. Ni jiwe dogo, ambalo mtu anayerudi nyumbani anaweza kulisogeza kwa mguu.

Kikakwaruza tena, na mwanga mdogo wa kijani ukawaka pembeni ya pazia. Haikuwa mlango. Ilikuwa imprimanti, ile mashine ya kutoa karatasi ya binti yangu Laurette. Umeme ulikuwa umerudi, na kila umeme unaporudi mashine ile hujisafisha koo yenyewe, hata kama mwenye nayo hayupo. Mwenye nayo tulimzika mwezi wa tatu.

"Kambo, umesikia?" Mjukuu wangu Christelle, ambaye huniita Kambo, yaani bibi, aliuliza kutoka upande wake wa pazia.

"Nimesikia. Ni kuran imerudi, umeme tu."

"Najua ni kuran." Nikasikia miguu yake ikishuka sakafuni. "Lakini hii njo saa ya Mama ya kuamka."

Ilikuwa kweli. Laurette alikuwa na biro ndogo, ofisi yake ya kuchapisha, karibu na soko. Aliwaandikia watu barua za kuomba kazi, mialiko ya harusi, kazi za wanafunzi wa chuo. Aliamka na umeme, kabla mji mzima haujaamka kuunywa. Alipofariki tulileta kompyuta na imprimanti nyumbani, tukaviweka juu ya meza tuliyokuwa tukilia chakula. Chakula sasa tunakula mikononi. Christelle ana miaka ishirini na miwili. Mama yake alikuwa amemfundisha nusu ya kazi, kifo kikaondoka na nusu nyingine.

Nilijifunga kitenge nikaenda kukaa naye. Alikuwa ameshawasha kompyuta. Aliponiona alisimama akanipa kiti chenye mgongo, yeye akakalia ndoo iliyogeuzwa. Mtoto huyu hasemi maneno mengi ya upendo, lakini sijawahi kukalia ndoo akiwepo.

Kazi ya asubuhi ile ilikuwa orodha ya marehemu. Kila mwaka, tarehe mbili ya mwezi wa kumi na moja, katekista wetu Papa Salomon husoma kanisani majina ya wafu wa mtaa wetu, moja moja, tangu ya zamani hadi ya mwaka ule. Laurette ndiye aliyeitunza orodha ndani ya kompyuta. Mwaka huu siku hiyo ilikuwa inaangukia Jumapili, na jina la mwisho katika orodha lilikuwa la Laurette mwenyewe. Christelle alikuwa amelichapa wiki ile, kwa kidole kimoja, kama mtu anayegonga mlango wa wakubwa.

Papa Salomon alikuwa amepita kwetu siku chache kabla. Macho yake yamechoka. "Mutoto wangu," alimwambia Christelle, "mama yako alikuwa ananiandikia herufi kama mayai ya chawa. Mwaka huu uniandikie kama mayai ya kuku."

Lazima niseme sasa jambo langu, ili linalofuata lieleweke. Blanchard, mdogo wake Laurette, alipanda mashua ya mbao yenye mota kwenda Moba kununua maharage. Upepo ukawakuta njiani. Mashua ilionekana siku ya tatu, imelala kifudifudi. Watu kumi na wawili hawakurudi. Kumi na mmoja walipatikana wakazikwa. Mwanangu hakupatikana. Kwetu, katika jamaa yetu, asiyeonekana haliliwi, na jina likishasomwa pamoja na wafu mlango wake umefungwa. Nilimwambia Laurette mwaka ule, mbele ya watu: "Siku utakayoandika jina lake pale, usiniite mama."

Hakuliandika. Kila mwaka nilisikiliza majina ya mashua ile, na la Blanchard halikuwemo, nikarudi nyumbani nikiwa bado na mwana.

Kulikuwa na mtu mwingine ndani ya neno langu, ila sikumtazama. Blanchard alikuwa na mke, Aimée. Walikuwa wamekaa pamoja mwaka mmoja na miezi. Kwetu, mume akifa, mama wa mume humfunga mjane uzi mweusi mkononi, na kilio kikiisha ni mama huyo huyo anayeukata. Hapo mwanamke yuko huru, hata kuolewa akitaka. Mimi sikufunga uzi, kwa hiyo hakukuwa na uzi wa kukata. Aimée akabaki hivyo, mke asiye na mume na mjane asiye na kilio. Hakunilaumu. Kila Jumamosi alivuka daraja la Lukuga akaja kunisalimia, na hakuja mikono mitupu.

Sasa narudi mezani.

"Tazama, Kambo," Christelle alisema. Akageuza kioo cha kompyuta kidogo ili taa isinipige machoni. "Sitagusa jina moja moja. Nabadilisha stili tu."

"Stili ni nini?"

"Ni amri ya wote. Mama aliyaweka majina yote chini ya stili moja. Nikiiambia stili iwe kubwa, wote wanakuwa wakubwa."

Akabonyeza. Majina yote yakakua mara moja, kama wanafunzi wanaosimama mwalimu akiingia. Nilifurahi kuyaona. Nasoma polepole, nilifika darasa la tano la masista, lakini herufi zile hata mimi niliweza kuzisoma bila miwani. Christelle aliteremka ukurasa hadi ukurasa, akiangalia kama kila kitu kimekaa sawa.

Kwenye ukurasa wa mashua akasimama.

Majina kumi na moja yalikuwa pale. Katikati, baada ya jina la sita, kulikuwa na mstari mtupu.

"Mama alisahau kuufunga," alisema. "Nitautoa." Kisha mkono wake ukabaki hewani. "Kambo. Unaona?"

Niliona. Mahali pale patupu, ambapo hapakuwa na herufi hata moja, palikuwa na viwimbi vyekundu. Kompyuta ile inajua Kifaransa tu. Majina yetu haiyajui, na kila jina isilolijua hulipigia chini mstari mwekundu wa mawimbi, kama mwalimu mkali. Kurasa zote zilijaa mawimbi hayo, nilikuwa nimeyazoea. Lakini haya yalikuwa chini ya utupu.

"Hapa hakuna kitu," Christelle alisema kwa sauti ya chini. "Sasa iko inasoma nini?"

Nje jogoo wa kwanza aliwika, na hakuna jogoo mwingine aliyemjibu. Nilisikia upepo ukilisukuma jiwe la mlango, kidogo tu.

"Labda mashine imechoka," nilisema.

"Mashine haichoki hivi." Akajaribu kitu kingine. Akaiamuru stili iwe nyeusi, nyeusi kabisa. Majina yote yakakolea. Mstari mtupu ukabaki mtupu. Akaiamuru iwe ya buluu, yote yakawa ya buluu, na pale pakakataa. Akairudisha nyeusi. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo.

"Kuna muntu aligusa hapa kwa mkono," alisema.

"Nieleze kama unavyomweleza mtoto."

Alifikiri. "Unajua kitenge cha chama chenu cha akina mama? Chama kikisema mwaka huu ni kijani, wote mnavaa kijani."

"Ndiyo."

"Hiyo njo stili. Lakini kitambaa cha kichwa kila mama anajifungia mwenyewe. Chama kikibadilisha kitenge, kitambaa ulichojifungia hakibadiliki. Kinabaki mpaka mkono ukifungue." Akanyoosha kidole bila kugusa kioo. "Hapa Mama alifunga kitu. Ukubwa umefuata wengine, umeona mstari umekua? Kwa hiyo yuko pamoja nao. Rangi tu njo inakataa. Rangi Mama aliitia mwenyewe."

Alisema "yuko," hakusema "uko." Sijui kama alijisikia.

Nikainama karibu na kioo. Nikayahesabu mawimbi. Kiwimbi kimoja, nafasi, kiwimbi cha pili, nafasi, kisha hakuna kiwimbi. Nikatazama jina la juu yake: Mulonda Kasongo Serge. Mawimbi chini ya Mulonda, mawimbi chini ya Kasongo, na chini ya Serge hakuna, kwa sababu Serge ni jina la Kifaransa na mashine inalijua.

Majina mawili isiyoyajua. La tatu inalijua.

Nikayahesabu majina ya mwanangu kwa vidole: mawili ya kwetu, moja la Kifaransa.

"Ameandika kwa rangi nyeupe," Christelle alisema. Sasa alikuwa ameelewa. "Nyeupe juu ya karatasi nyeupe. Kambo, nikibonyeza vidude viwili tu, vya mkono vinaondoka, jina linarudi mu stili. Tutaliona. Nibonyeze?"

"Usibonyeze."

"Basi niufute mstari?"

"Usifute. Funga mashine."

Aliifunga. Akainuka akaenda kuwasha moto, na aliporudi alikuwa ameniletea maji ya moto ya kuoshea uso, ingawa sikuomba.

Siku zilizofuata nilikaa vibaya. Kila alfajiri umeme uliporudi, imprimanti ilikwaruza na taa ya kijani ikawaka, na sikujua tena ni nani ninayemsikia. Zamani nilikuwa na mtu mmoja tu wa kungoja. Sasa nilisikia mmoja mlangoni na mwingine mezani. Nilimuuliza Laurette kimoyomoyo: uliniasi au ulinitii? Jina uliliandika. Jina hukuliandika. Nilichota maji, nikaona viwimbi ndani ya ndoo, nikaugeuza uso. Nilikwenda mpaka ufukweni kununua ndagala, dagaa wa kwetu, nikarudi bila kununua. Ziwa lote lilikuwa limepigiwa mistari chini, na juu yake hakuna kilichoandikwa.

Christelle naye hakuweza kukaa mbele ya kompyuta. Mtu alileta barua ya kuchapisha, yeye akamwambia arudi wiki ijayo. "Naogopa Mama amekasirika," aliniambia.

"Mama yako hakuwa mtu wa kukasirika."

"Njo maana naogopa."

Jumamosi, Aimée alikuja. Alileta unga wa muhogo na samaki wakavu, mikebuka mitatu, akaiweka mahali pake bila kuuliza, maana anajua mahali pa kila kitu katika nyumba yangu. Alichukua sufuria zangu akaenda kuziosha nje. Nilikaa kizingitini nikamtazama. Mkono wa kulia wa blauzi aliukunja hadi kiwiko. Wa kushoto aliuacha, ukaloa maji hadi juu. Nimemwona akifanya hivyo miaka yote, kwenye joto na kwenye mvua. Nilidhani ana kovu analolionea aibu, na kwa heshima sikuuliza. Siku ile niliona kwamba kuna heshima ambayo ni uvivu wa moyo tu.

"Aimée, kesho utakuja kanisani?"

"Nitakuja, Mama. Mwaka gani sikuja?"

"Wewe una wafu gani wa kusomewa?"

Mikono yake ilisimama ndani ya maji. Kisha ikaendelea kusugua. "Yupo wifi Laurette mwaka huu," alisema.

"Na miaka mingine?"

"Miaka mingine nilikuja kukaa karibu na wewe."

Alipomaliza alipanga sufuria juani, kubwa chini, ndogo juu, akaniaga, akavuka daraja lake.

Papa Salomon alifika jua likiwa limeinama. Alikuja kuchukua karatasi zake. Alivua viatu mlangoni, akaliona jiwe, akalirudisha mahali pake taratibu kwa vidole vya mguu. Nikakumbuka kwamba hufanya hivyo kila mara.

"Mayai ya kuku yako tayari?" alimuuliza Christelle.

"Bado, Papa."

"Kuku anataga kesho asubuhi? Misa ni saa tatu."

Christelle hakucheka. Nikamwambia Papa Salomon akae, na nikamuuliza moja kwa moja, kwa kuwa kuzunguka kungenimalizia nguvu.

"Kila mwaka ukisoma majina ya mashua, ukifika katikati unanyamaza. Nimekuwa nikidhani unafuta miwani. Unanyamazia nini?"

Alivua miwani, akaishika magotini.

"Laurette aliniomba," alisema. "Mwaka wa kwanza kabisa. Alinionyesha karatasi akaniambia: Papa Salomon, hapa kuna mstari mtupu. Usiuruke. Ukiufikia, vuta pumzi ya jina moja, kisha endelea."

"Pumzi ya jina moja."

"Ndivyo alivyosema."

"Na wewe ulijua ni jina la nani?"

Alinitazama kwa yale macho yake yasiyoona vizuri. "Mama Evodie, kanisa zima lilijua."

Niliyatafuta maneno, nikapata moja. "Isipokuwa."

"Isipokuwa wewe. Kila mwaka, nikinyamaza, watu wote walikuwa wananyamaza pamoja na mimi. Hukuona kwamba hata watoto hawakohoi? Tulimwombea mwanao kwa kimya, na wewe tukakuachia mlango wako wazi. Hakuna aliyetaka kuwa mtu wa kuufunga."

Nilikuwa nimekasirika nusu saa nzima kabla hajafika, nimejiandaa kuikasirikia dunia. Sikuipata hasira ile tena. Nilifikiria watu wale, wauza samaki, mafundi, wanawake ninaogombana nao kisimani, mia mbili na zaidi, wakishika pumzi zao pamoja mwaka hadi mwaka ili nisisikie kitu.

"Kuna jingine," Papa Salomon alisema. "Sikutaka kulisema, lakini leo umefungua mwenyewe. Yuko mwalimu mmoja anayetoka Kirungu, kule milimani, anaitwa Urbain. Mke wake alifariki. Ni muntu wa kweli. Amekuja kwangu mara mbili kumuulizia Aimée."

"Aimée alisema nini?"

"Alisema: mimi ni wa nyumba ya Mama Evodie, mpaka yeye aseme. Mwalimu akamwambia atangoja. Lakini mwaka huu anahamia huko huko milimani, na ameniuliza kwa mara ya mwisho. Nimwambie nini? Aimée ana miaka thelathini na minne."

Christelle alikuwa amesimama karibu na pazia. Hakuna aliyenihimiza. Papa Salomon alivaa miwani yake, akasema atapita asubuhi kabla ya misa, na kwamba ikiwa karatasi itakuwa na mstari mtupu, atavuta pumzi kama kawaida. "Itakavyokuwa, nitasoma hivyo hivyo," alisema, akaenda.

Nililala kidogo sana. Nilimfikiria Blanchard, jinsi alivyokuwa anakula samaki kuanzia mkiani ili kichwa, anachokipenda, kiwe cha mwisho. Nilifikiria kwamba kwa miaka tisa nilikataza asililiwe, na kumbe nilimkataza pia asipumzike. Hata hivyo, nikifumba macho, niliona jiwe likisogea mlangoni.

Alfajiri kitu kilikwaruza. Mara mbili, kisha kimya. Safari hii sikudhani ni mlango.

"Ninakuja," nilisema, na sijui niliwaambia nani.

Christelle aliwasha kompyuta. Alinipa kiti, akakalia ndoo yake. Ukurasa wa mashua ulipofunguka, viwimbi vilikuwa pale pale, viwili na nafasi. Aliushika mstari ule mtupu wote kwa kishale, ukageuka kuwa wa kijivu, na ndani ya kijivu, hafifu kama pumzi juu ya kioo, niliona kwamba kuna mtu.

"Kidude hiki cha pembeni, Kambo, na hiki kirefu cha chini. Kwa pamoja."

"Vitafanya nini tena?"

"Vitaondoa alichotia Mama kwa mkono. Rangi tu. Jina halitaguswa."

"Yeye hatachukia?"

Christelle alifikiri kwa uaminifu, kama mama yake. "Angetaka jina lisijulikane, asingeliandika. Angetaka lijulikane, asingelificha. Nadhani aliliacha mahali wewe utaweza kulifikia."

Alichukua vidole vyangu viwili, vilivyopinda kwa miaka ya kupasua samaki, akaviweka juu ya vile vidude. Hakubonyeza. Aliondoa mkono wake akangoja.

Nikabonyeza.

Kabwe Kisimba Blanchard.

Lilikuwa jeusi, kubwa, kipimo kimoja na wenzake, limekaa chini ya Serge kana kwamba halijawahi kutoka pale. Na halikuwa limetoka. Miaka yote alikuwa amekaa na wenzake, amefunikwa uso tu kwa mkono wa dada yake ili mimi nisimwone.

Ndipo nikamlilia mwanangu. Nililia kama inavyotakiwa, kwa sauti, hadi jirani akaja na kitenge chake kichwani akauliza kuna nini, na Christelle akamwambia, "Kambo amemlilia Mjomba," na yule mama, ambaye tulikuwa hatusemezani tangu mwezi wa nane kwa ajili ya mbuzi, akaketi chini akalia pamoja na mimi.

Imprimanti ilitoa karatasi. Ilifanya kelele yake yote, kisha ikanyamaza.

Kanisani Papa Salomon alisoma. Alipofika kwenye mashua nilisikia benchi zote zikitulia, watu wakijiandaa kwa kimya chao. "Mulonda Kasongo Serge," alisoma. Kisha, bila kusimama, kwa sauti ile ile, "Kabwe Kisimba Blanchard." Pumzi iliyokuwa imeshikwa ilitoka kanisa zima kwa pamoja. Aimée, pembeni yangu, alishika ukingo wa benchi la mbele, akabaki ameushika hadi jina la Laurette, ambalo lilikuwa la mwisho.

Mchana ule nilivuka daraja la Lukuga. Nilikuwa na uzi mweusi ndani ya leso, na wembe mpya. Ilinibidi kuuliza njia mara mbili. Miaka tisa alikuja kwangu kila Jumamosi, na mimi sikuwahi kujua kwamba mlango wake umepakwa rangi ya njano.

Alinikaribisha kwa mkeka. Nilimwambia: "Nimechelewa kukufunga uzi. Nipe mkono, nikufunge, kisha baada ya siku zake nitakuja kuukata."

Alikunja mkono wa kushoto wa blauzi, ule usiokunjwa. Kwenye kifundo kulikuwa na uzi. Ulikuwa mweusi zamani, sasa umekuwa rangi ya chai, umekonda kwa sabuni na maji. Fundo nililijua. Laurette tangu utoto alifunga kila kitu mara tatu, hata kamba za viatu, akanichosha wakati wa kumvua.

"Lini?" niliuliza.

"Wiki ile ile ya mashua. Alisema Mama amesema lake na haliwezi kubadilishwa, lakini mkono wangu si lazima ukae mtupu. Akaniambia nisiukate. Akasema siku moja utakuja mwenyewe."

Niliutoa wembe kwenye karatasi yake. Aimée akaushika mkono wangu kwa mkono wake mwingine, kwa hiyo ni kama tuliukata wote wawili.

"Si mapema, Mama?" aliuliza. "Jina limesomwa leo."

"Kilio chako kimekwisha zamani. Changu ndicho kimeanza leo." Niliufunga ule uzi wa zamani ndani ya leso, pamoja na ule mpya. "Mwambie mwalimu wa Kirungu aje anione. Aje na adabu, na asije na maneno mengi."

Alicheka kidogo, kisha akauficha uso kwa kiganja. Alinipikia chai, akaweka sukari vijiko vitatu bila kuniuliza, kama ninavyopenda na kama Laurette alivyokuwa akinikataza. Tulikaa hadi kivuli cha nyumba kikafika mkekani. Nilimwambia juu ya mlango wangu. Jiwe nimeliacha pale pale. Mtu hawezi kufanya yote siku moja.

Alinisindikiza hadi kwenye daraja. Upepo wa ziwa ulikuwa umeanza, na maji yalikuwa na mistari yake. Aliyatazama, akanitazama, na mkono wake wa kushoto ulikuwa wazi hadi kiwiko.

"Mama," alisema, "miaka yote mimi njo nilikuwa nakuja. Hata nikienda kule milimani, kwenye baridi, utakuja tena kunitembelea?"